Mlima Uliomfuturisha Mama

Kwa miaka minne, kila Ijumaa mchana nilikuwa natoka Morogoro kwenda Bagamoyo kumwangalia mama, na kila Jumapili nairudia njia ile ile. Basi la kwanza hadi Chalinze, la pili hadi Msata, la tatu hadi nyumbani kwetu Dunda. Matuta ya barabara ile nayajua kwa mgongo. Najua tuta lipi linafuata hata nikiwa nimefumba macho, na mara nyingi nilikuwa nimeyafumba, maana mimi ni mwalimu wa sekondari, na mwalimu ikifika Ijumaa hana macho tena, ana matundu tu.

Watu husema kumtunza mzazi ni kazi ya mapenzi. Mimi nasema ni kazi ya miguu. Mapenzi ninayo, tena tele, lakini mapenzi hayakupandishi basi. Nilikuwa nafika nyumbani hoi, nampa mama shikamoo kwa sauti ambayo mwenyewe naisikia kuwa ni ya mgonjwa, na yeye, mwenye presha na goti lililovimba, ndiye ananiuliza mimi kama nimekula.

Tangu baba afariki mama alikuwa akiishi peke yake. Tuko wawili tu, mimi na kaka yangu aliyeko Mwanza, na mchango mkubwa wa kaka ulikuwa ni jumbe za sauti, ndefu, zenye ushauri. Nilitaka mama ahamie kwangu. Hilo tu ndilo nililokuwa nikilitaka duniani. Nilikwishamwambia mara tatu, na mara zote tatu alinijibu neno moja: "Nyumba naiacha na nani?" Kana kwamba nyumba ni mtoto mchanga.

"Usimwambie tena kuhama," kaka akanishauri. "Mwambie aje atembee tu. Akiiona milima, ataipenda mwenyewe."

Kwa mara ya kwanza kaka alisema jambo lenye maana. Nilijua mama anapenda kutembezwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, siku tulipokwenda kliniki Dar na daktari akatumaliza mapema, nilimwingiza kwenye makumbusho ili tu nipate pa kukaa penye kivuli. Nilidhani atalalamika goti. Badala yake alizunguka vyumba vyote, mkono mmoja kwenye bega langu, akiuliza kila kitu kama polisi. Tulipofika kwenye fuvu la mtu wa kale, nikamsomea maandishi kwamba aliishi zamani mno, kabla ya dini, kabla ya kilimo, mama akasimama. Akalitazama. "Masikini," akasema, "na wala hawakumpa sanda." Akainua mikono akamsomea Fatiha pale pale, mbele ya kioo, taratibu, hakuruka neno. Mlinzi aliyekuwa karibu hakujua afanye nini. Mwisho naye akaitikia amini. Nilicheka hadi nikakaa chini, na njia nzima ya kurudi mama alikuwa akinisimulia yale niliyoyaona mwenyewe.

Basi likizo ilipofika, baada tu ya Idi, nikamwambia: mama, twende ukaone milima, siku nne tu. Sikumwambia la zaidi. Moyoni nilikuwa nimeshapanga chumba, nimeshanunua kitanda kifupi kwa ajili ya goti lake, na choo nimeshakiwekea chuma cha kushikia.

Alikubali upesi, kisha akaniudhi kwa kuaga. Sisi watu wa pwani hatusafiri kimya kimya, lakini mama alivuka mpaka. Alipita nyumba hadi nyumba, asubuhi nzima, anaomba radhi kama anayekwenda kuhiji. "Kama nimekukosea neno, nisamehe." Kila nyumba kikombe cha chai, kila nyumba dua. Mimi nimesimama na mabegi juani, bodaboda wawili niliowaita wameshaondoka kwa hasira. Alirudi saa tano na nazi sita alizopewa, na ng'onda, samaki mkavu, amefungwa kwenye gazeti. Basi zima liliijua ile harufu hadi Chalinze.

Mama alizaliwa Makurunge. Kule nchi imelala kama mkeka, na mtu humwona ng'ombe wake hata akiwa mbali. Kitu kirefu kuliko vyote alichowahi kukipanda ni ngazi za hospitali. Kwa hiyo tulipoipita Ubena, na mbele kushoto ikaanza kujitokeza ile rangi ya buluu nzito, ndefu, imezuia upande mzima wa mbingu, alinishika mkono.

"Hee! Mvua ile," akasema. "Na mimi nimeacha nguo nje."

"Si mvua, mama. Ni Uluguru."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo milima yenyewe."

Kiti cha mbele kulikuwa na baba mmoja aliyegeuka kucheka, mama akamkazia macho, baba akageuka mbele. Kwa nusu saa nzima mama hakuondoa macho dirishani. Nilimtazama yeye badala ya kuitazama milima, kwa sababu mimi milima nilishaizoea, nimeipa mgongo kila siku nikisahihisha madaftari. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Buluu ile ikageuka kijani, kijani kikaonyesha mikunjo, kwenye mikunjo yakaonekana mashamba madogo na bati la nyumba ya mtu likimeta. "Pale juu anaishi mtu?" akauliza. Nikamwambia wanaishi wengi. "Wakiishiwa chumvi wanafanyaje?" Nikasema wanashuka. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Nilijisikia vizuri siku ile, wacha niseme ukweli. Niliona mtego umenasa.

Kwangu alikaa kama mgeni siku mbili, ya tatu akachukua ufagio bila kupewa. Asubuhi nilimkuta uani amejifunika khanga juu ya sweta langu, anautazama mlima ukitoka kwenye ukungu, kipande kwa kipande, kwanza kilele, halafu tumbo, halafu miti. "Unavaa na kuvua kama bi harusi," akasema. Alicheka mwenyewe. Akaniuliza majina ya vilele, nami, niliyeishi pale miaka kumi na nane, sikujua hata kimoja. "Mwalimu mzima!" akasema. Alinikera, na alikuwa na haki.

Siku hiyo ya tatu nilikodi gari ya jirani, tukapanda hadi kijiji kimoja cha juu, barabara yenyewe ni mawe na mashimo, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili hakuna kitu. Mama alipita njia nzima akisoma dua kwa sauti, na dereva, kijana wa Kiluguru asiyeijua dua hata moja, akawa anapunguza mwendo kila anapomsikia akipandisha sauti. Tulifika. Palikuwa na maporomoko madogo ya maji, yanatua kwenye jiwe jeusi, na chini yetu mji wote wa Morogoro umetandazwa, mabati na moshi, na mbele yake nchi tambarare inayoendelea hadi macho yanachoka. Wanawake walikuwa wakishuka na matenga ya karoti na njegere kichwani, wanatembea pembeni mwa mteremko kama watu waliomo sebuleni kwao. Mama aliwapa pole kila mmoja. Mmoja akamwachia karoti tatu, akakataa malipo yoyote.

Nilikuwa nimechoka. Nasema hivi si kwa kujitetea, ila kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliegemea jiwe lenye joto, nikafumba macho, nikawaza jinsi nitakavyolala Ijumaa zote zijazo.

Na mama alikuwa amefunga. Alikuwa kwenye sita za Shawali, zile siku sita watu wazifungazo baada ya Ramadhani, na ilikuwa siku yake ya tano, maana siku ya safari hakufunga. Tangu awe mwanamwali hajawahi kuziacha, hata mwaka wa msiba wa baba. Presha na vidonge, daktari na mimi, wote tulishashindwa.

"Mwanangu," nikamsikia, "limekuchwa?"

Nikafumbua jicho moja. Kivuli kilikuwa kimetufunika, jiwe limeanza kupoa, jua halipo. "Limekuchwa, mama," nikasema, nikalifumba.

Nikasikia anapiga bismillahi. Nikasikia kokwa la tende likianguka kwenye kiganja, na maji yakimiminwa kwenye kifuniko cha chupa. Alikula tende tatu na nusu ya karoti. Kisha tukaingia kwenye gari kuteremka, na tulipokata kona ya kwanza, ule mgongo wa mlima uliokuwa upande wa magharibi ukakaa pembeni, na jua likatupiga usoni. Lilikuwa juu bado. Lilikuwa jua la saa kumi na nusu, lenye nguvu zake zote.

Dereva akashusha kile kibao cha kuzuia mwanga. Mama alilitazama jua, akakitazama kiganja chake chenye kokwa tatu, akanitazama mimi. Kule kwetu jua likipotea, limezama. Hakuna kitu kingine cha kulificha. Kwa miaka sabini na kitu jua halijawahi kumfanyia hila, na mimi mwenye saa mkononi, mwenye simu mfukoni, nilimjibu nimefumba macho.

"Mama, nisamehe."

"Si wewe," akasema. "Mlima huu ndio umenifuturisha." Akajaribu kucheka. Kicheko kilikaa kidogo tu kikaisha. "Nitairudia siku yangu. Lakini nitairudia kwetu, ambako jua nalijua."

Kesho yake nilimrudisha Bagamoyo. Sikuwa nimesema neno la kuhama. Kila nilipotaka kulianza naliona lile jua.

Kaka akaniambia nisikate tamaa, nimpe wiki moja kisha nimtembeze tena, moyo wake ulainike. Mtu aliyeko Mwanza hachoki. Ijumaa iliyofuata, likizo ikiwa inaisha, nikapanda tena mabasi yangu matatu, na Jumapili asubuhi nikampeleka mama kwenye makumbusho ya mji wetu wenyewe. Hatukuwahi kuingia, si yeye wala mimi. Wageni hutoka ng'ambo kuja kuliona jengo lile, sisi wenye nyumba mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni tunalipita kila siku tukienda sokoni. Mama alikuwa akiuza vitumbua kwenye ngazi zake akiwa msichana. Ngazi tu ndizo alizozijua.

Mlangoni alivua ndala, akabisha hodi. Msichana mwongozaji, kibarua wa pale, mcheshi, alitaka kumwambia hakuna haja ya kuvua, nikamtikisia kichwa amwache. Na wageni wawili wa Kizungu waliokuwa nyuma yetu, walipoona bibi amevua, nao wakavua, na nyuma yao familia moja ya Kihindi kutoka Dar ikavua yote. Tukaingia miguu mitupu, ndugu wa ghafla.

Chumba cha tatu kilikuwa cha vyombo. Mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, kinu, ungo, chetezo cha kufukizia ubani, mkeka wa rangi, kitanda cha kamba, sanduku lenye nakshi za shaba. Msichana akasoma kwa sauti ya kazi: "Hivi ni vyombo vya wanawake wa pwani wa kale."

"Wa kale ndiye mimi?" mama akauliza. "Mbona hii mbuzi naikalia kila siku?"

Chumba kizima kikacheka. Msichana akamwomba awaonyeshe wageni, na mama hakungoja aombwe mara ya pili. Akakaa kwenye mbuzi, goti bovu mbele, akashika nazi ambayo haikuwepo, akaanza kukuna, na kukuna, anasimulia jinsi mke mpya anavyopimwa kwa ukunaji wake, jinsi mama mkwe wake alivyokaa nyuma ya mlango kusikiliza kama anakwangua hadi kwenye kifuu. Wageni walipiga picha. Mama akaweka pozi, akavuta khanga vizuri, akataka apigwe tena upande wa kulia ambao meno yamebaki. Kwa muda mrefu sikuwa nimemwona hivyo. Nilisahau hata mgongo wangu.

"Bibi," msichana akasema alipokuwa akimsaidia kuinuka, "kumbe hazina unayo wewe! Siku moja mtuletee vitu vyenu, tutavitunza vizuri. Tutaandika na jina lako."

Na mimi, sijui ni furaha au ni uchovu, au ni kwamba nilikuwa nimekaa na mpango ule tumboni kwa muda mrefu mno hadi ukajitokea wenyewe, nikasema: "Tutavileta vyote, mdogo wangu. Hata kitanda. Mwezi ujao tu."

Mama alikuwa ameshika mkono wa yule msichana. Aliuachia. Akakung'uta khanga yake nyuma, ingawa haikuwa na vumbi. "Tuonyeshe chumba kingine, mwanangu," akamwambia msichana, kwa adabu, na vyumba vyote vilivyobaki alivipita bila kuuliza swali hata moja.

Tulirudi kwa miguu, polepole. Njiani aliwasalimia watu wote wa kusalimiwa, habari za asubuhi, za watoto, za wagonjwa, hakuruka mtu. Mimi nikawa natembea nyuma yake najua nimekosea, nikitumaini hakulichukua hivyo. Alilichukua hivyo hivyo. Tulipoingia ndani alikaa ukingoni mwa kitanda, kile kile nilichokwisha kukigawa.

"Vitu vya mtu hugawiwa baada ya arobaini," akasema. "Mnamsomea hitima, mnakula, ndipo mnatoa nguo na vyombo, huyu achukue hiki, yule kile. Arobaini yangu mmeisoma lini?"

"Mama, sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Kitanda kifupi nilikiona. Na kile chuma cha chooni. Wewe goti bovu huna." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sasa nataka nikuulize, na usinijibu kama mwalimu. Umechoka na njia, au umechoka na mimi?"

Mtoto aliyelelewa vizuri analijua jibu la swali hilo. Jibu liko mdomoni hata kabla ya swali: njia, mama, ni njia tu. Nililitafuta. Nilikuwa nimesimama mlangoni, begi langu liko miguuni limeshafungwa kwa ajili ya safari, mgongo unauma, na Jumatatu kuna madarasa matano. Uongo nao unataka nguvu.

"Vyote viwili, mama," nikasema.

Nililia. Yeye hakulia. Alinyoosha goti lake, akalipapasa.

"Ahsante," akasema. "Kaka yako asingeniambia. Basi sikiliza. Kuhama sihami, labda mnibebe, na mkinibeba mtakuwa mmenibeba kweli. Lakini na wewe sikutaki tena kila wiki. Ukija umechoka hivi unanitazama lakini hunioni. Jirani atanikumbusha vidonge. Uwe unakuja mara moja kwa mwezi, mwisho wa—"

"Sawa," nikasema.

Ilitoka hivyo, kabla hajamaliza. Nilihisi mabega yakishuka, pumzi ikiingia hadi chini kabisa, mahali ambapo haikuwa imefika kwa miaka. Nilihesabu Ijumaa tatu, tupu, za kulala. Nadhani hata nilitabasamu. Kisha nikainua macho.

Mama alikuwa ananitazama. Mdomo wake ulikuwa bado umeshika neno alilokatishiwa.

"Hata kubisha, mwanangu," akasema taratibu. "Hata kubisha hukubisha."

Nilimbusu mkono, nikampa vidonge vya mchana na maji, nikachukua begi. Basi la saa tisa nililiwahi.